Nyonga za Wazee Wetu

Mzee akiteleza chooni alfajiri anapokwenda kutia udhu, akashindwa kuinuka, na mguu ukaonekana umefupika na unyayo umegeukia nje, aghalabu nyonga imevunjika. Hapo ndipo nyumba nyingi za Unguja na Pemba hugawanyika. Mtoto mmoja husema apelekwe hospitali akapasuliwe. Mwingine huona umri wake hauruhusu kisu, na kwamba aitwe fundi wa mifupa wa kijijini aje na mafuta na vijiti vyake. Bi mkubwa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye mguu, mara nyingi haulizwi.

Hatuna haja ya kuwabeza mafundi hao. Mikono mingi ya watoto walioanguka miembeni imeungwa nao. Lakini nyonga si mkono. Kichwa cha fupa la paja hulishwa na mishipa midogo ya damu ipandayo shingoni mwa mfupa. Shingo hiyo ikikatika na kuachana, mishipa nayo huweza kukatika, na kichwa huweza kufa kwa kukosa damu. Hakuna bandeji iwezayo kukirudishia. Mfupa ukivunjika chini kidogo ya hapo, huweza kuunga bila kisu, ila kwa sharti la kulala chali wiki 8 hadi 12, mguu ukivutwa kwa uzito. Kijana aliyeanguka mkarafuu anaweza kuyastahimili hayo. Mzee wa miaka 80 hupata vidonda vya mgongo, kichomi, na damu kuganda mishipani, akazikwa kwa maradhi ambayo hakuanguka nayo.

Wataalamu wamekwisha kuzilinganisha njia hizi mbili. Mapitio ya mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti 5 zenye wagonjwa 428, hayakuona kwamba upasuaji ulipunguza vifo. Yaliona kwamba waliopasuliwa walikaa hospitali siku chache zaidi, miguu yao haikufupika kama ya wenzao, na wengi zaidi walirudi majumbani mwao. Tafiti hizo ni chache, tunakiri. Lakini kwa mzee, kwenda chooni kwa miguu yake si jambo dogo.

Wala hatusemi kila mzee apasuliwe. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuata wazee 172 waliokuwa dhaifu mno, wakaazi wa nyumba za kulelea wazee. Kwa 88 kati yao, baada ya mashauriano ya madaktari na jamaa, iliamuliwa wasipasuliwe, bali watulizwe maumivu. Wengi walifariki katika mwezi wa kwanza, lakini hali yao katika siku zilizobaki haikuwa mbaya kuliko ya waliopasuliwa, na jamaa zao waliridhika. Walielezwa, wakachagua.

Je, kwetu huwa ni uchaguzi? Jamaa wanapoambiwa kuwa mguu utavutwa tu, wana haki ya kujua kama daktari ameamua hivyo kwa manufaa ya mgonjwa, au kwa kuwa msumari wa nyonga haumo ghalani na damu haipo. Sababu ya kwanza ni tiba. Ya pili ni uhaba, nao usivishwe kanzu ya tiba. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unataka mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku ile aliyofika au siku ya pili yake. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu hungoja kwanza chombo cha kumvusha, kisha gari. Na hizo saa hakuna azihesabuye.

Twaiomba Wizara ya Afya iweke akiba ya vyuma vya nyonga Unguja na Pemba pia, itenge nafasi katika chumba cha upasuaji kwa ajili ya wazee hawa, na ihakikishe kuwa asiyepasuliwa anapata dawa ya maumivu iliyo na nguvu, si vidonge vya kichwa. Tangu Aprili 2016 Serikali imekuwa ikiwalipa pencheni wazee waliotimiza miaka 70, kwa hiyo majina na mitaa yao inajulikana. Masheha wanaweza kupita nyumba kwa nyumba kuwahimiza jamaa watie kishikio chooni na taa ukumbini.

Na kabla ya Bajeti ijayo, Wizara iwatangazie wananchi ina vyuma vingapi ghalani.