Nani Anavuka?

Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia mtaa wa Kibera, Nairobi, kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba na shule zilibomolewa, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 wakakosa makao. Mjadala wa wakati huo ulikuwa wa fidia na haki ya makao, na ulistahili. Makala haya yanauliza lililofunikwa na vumbi lile: waliobaki kando ya lami wanavukaje?

Kibera hutembea kwa miguu. Alfajiri vibarua huteremka makundi kwa makundi kuelekea Industrial Area, na watoto huenda shule kupitia vichochoro. Barabara kuu ikikatiza hapo, kila kichochoro kinakuwa kivuko, kiwe kimechorwa milia au la. Magari mengi yanayopita hayana shughuli Kibera. Yanatafuta tu njia ya mkato. Mpitaji anapewa dakika zake, mkazi anaachiwa hatari.

Wahandisi watanijibu kwamba barabara hiyo imeleta nafuu, na sibishi. Gari la zimamoto linafika mahali ambapo zamani lilikwama. Ila lami laini hualika kasi, na Shirika la Afya Duniani linasema kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Tazama Naivasha Road inapopita Kawangware: mikokoteni, boda boda, matatu za njia namba 46 zikigombania abiria, wachoma mahindi hadi ukingoni mwa lami. Vurugu hiyo inaudhi, lakini ndiyo inayomlazimisha dereva kwenda polepole. Anayetaka kuiondoa atuambie kwanza ataweka nini kingine cha kumpunguzia dereva kasi.

Jibu la kawaida ni daraja la miguu. Thika Road ilifunguliwa mwaka 2012, na watu wameendelea kugongwa wakivuka chini ya madaraja yake, kisha wakaitwa wavivu. Mimi sioni uvivu wowote kwa mama mwenye mtungi wa lita 20 kichwani anayekwepa ngazi. Daraja humpandisha yeye ili dereva asikanyage breki. Ndani ya makazi, kivuko kinafaa kuinuliwa kiwe sawa na njia ya miguu, gari ndilo lipande.

Takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha waenda kwa miguu kuwa zaidi ya theluthi ya wanaouawa barabarani nchini. Hata hivyo, mahali hutangazwa kuwa hatari baada ya mazishi kadhaa, kana kwamba mchoro wa barabara haukuonyesha shule iko upande gani na stendi upande gani.

Tunaitaka KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ihesabu wanaovuka kama inavyohesabu magari, na itoe hesabu hiyo hadharani kabla ya kutangaza zabuni. Kwa barabara ya Kibera ambayo tayari ipo, ihesabu sasa, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya shule.