Saini peke yake haitoshi

Ndugu mwandishi, uliposema katika makala yako kwamba chombo cha kioo cha Lalique hutambulika kwa saini umewaachia matapeli mlango wazi. René Lalique, msanii wa vioo wa Ufaransa, alifariki mwaka 1945, na baada ya hapo kiwanda chake kikaiacha herufi R iliyotangulia jina. Kwa kuwa vya enzi zake ndivyo vinavyogombewa zaidi mnadani, wapo wanaoichonga R hiyo kwenye vyombo vipya. Umbo nalo halithibitishi umri: chombo cha maua kiitwacho Bacchantes kilibuniwa mwaka 1927, na kiwanda kimeendelea kukitengeneza miaka mingi baada ya René! Tazameni kioo chenyewe: baada ya Vita vya Pili vya Dunia mwanawe, Marc, aligeukia kristali, nzito na yenye kung'aa zaidi. Kisha pitisheni kidole ukingoni. Palipomeguka husagwa pakasawazishwa, chombo kikapungua urefu na thamani, na picha ya katalogi isionyeshe kitu. Inaniuma mtu kumaliza akiba yake kwa kutazama picha tu. Wasomaji, kabla ya kutaja bei, ombeni taarifa ya maandishi kuhusu hali ya chombo, na ulizeni ada ya mnunuzi inayoongezwa nyundo ikishagongwa.