Fundi akiharibu pikipiki, nani alipe?

Kunako mji wa Butembo, vijana wengi wanaendesha pikipiki ambayo si yao. Kila jioni wanapaswa kupelekea mwenye pikipiki pesa ya siku. Pikipiki ikilala garaji, kuna wenye pikipiki wanaosamehe siku hiyo, na kuna wasiosamehe. Ndiyo maana ugomvi kati ya dereva na fundi unakuwa mkali kuliko bei ya kazi yenyewe. Wanagombania dola kumi na tano mbele ya watu, lakini nyuma yake kuna deni ya wiki nzima na watoto wanaongojea chakula.

Tuchukue kazi moja ambayo kila motari anaijua. Pikipiki inatoa moshi wa bluu na kukula mafuta ya injini. Fundi anafungua, anasema segema zimekwisha, inaomba pistoni mpya. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa, silinda inapimwa kwanza. Kama imelika, inapelekwa kuchongwa, na pistoni inayowekwa inakuwa kubwa kidogo kuliko ya zamani, robo ya milimeta ao nusu. Siku za kwanza injini inaendeshwa polepole, bila mizigo mizito, na mafuta yanabadilishwa mapema. Ikifanywa mbiombio, pistoni mpya inasukumwa ndani ya silinda iliyochoka, injini inafungwa, pesa inapokelewa, mteja anaenda. Kisha siku mbili, kwenye mlima, injini inakaza na kuzima.

Hapo maneno yanaanza. Fundi anasema: « Ndugu yangu, ulipakia watu watatu tangu asubuhi, hukuachilia injini izoee. » Dereva anajibu: « Papa fundi, hukuchonga silinda. » Na shida ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa na haki. Silinda haikuchongwa, ni kweli. Watu watatu walipakiwa, nayo ni kweli, kila mtu aliona.

Dereva anafanya nini? Kwa hasira anasukuma pikipiki mpaka kwa fundi mwengine. Huyo anafungua, anatikisa kichwa, anauliza: « Ni nani alikufanyia hii kazi? » Tusimwamini haraka. Kumcheka fundi wa kwanza ni namna yake ya kutafuta mteja. Na tangu saa ile mkono wa pili ulipogusa injini, ushahidi umekufa. Fundi wa kwanza atasema ni huyo mwengine aliyeharibu, na hakuna mtu atakayeweza kumpinga. Injini iliyokaza ifunguliwe na yule yule aliyeifunga, mbele ya fundi mwengine anayeheshimiwa na wote wawili, mbele ya mwenye pikipiki pia. Pistoni yenyewe inasema mengi: alama za kukwaruzwa zinaonekana kwa macho.

Nani alipe basi? Kwa maoni yangu, aliyenunua piesi ajibu juu ya piesi, na aliyefunga ajibu juu ya kufunga. Mapiesi mengi yanatuingilia kupitia Kasindi, na jina lililoandikwa juu ya karto si lazima liwe la kweli. Kama mteja alienda mwenyewe dukani, akachagua ya bei ya chini kuliko zote juu ya kupunguza pesa, na piesi hiyo ikapasuka, asimdai fundi. Lakini kama ni fundi aliyepewa pesa yote mkononi, akaenda kununua peke yake, akarudi na piesi bila karatasi ya duka, basi piesi ni yake na kazi ni yake. Alipe vyote viwili. Kuna pia fundi anayeona wazi kwamba piesi aliyoletewa haifai, ananyamaza, anafunga, anachukua malipo yake. Huyo naye, mimi simwachilii. Mteja analipia macho ya fundi, si mikono tu.

Mambo haya hayatoki katika kichwa changu pekee. Sheria yetu ya raia, kitabu cha tatu, inayotokana na amri ya tarehe 30 julai 1888, ingali inatumika katika inchi yetu. Kifungu cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kisheria yanakuwa sheria kwa wale waliopatana. Kifungu cha 258 kinamlazimisha kila mtu aliyemletea mwengine hasara kwa kosa lake kuitengeneza hasara hiyo. Na kuna kifungu cha 260, ambacho mafundi wengi hawajakisikia hata siku moja: fundi anajibu juu ya hasara inayoletwa na wanafunzi wake wakati wako chini ya uangalizi wake. Kwa hiyo ile sababu ya kila siku, « ni mtoto ndiye aliyefunga bulo ile, mimi sikuwepo », haimwokoe patroni. Kama alimwacha mtoto wa miaka kumi na nne peke yake na injini ya mtu, kosa ni lake mara mbili.

Lakini sheria bila ushahidi haisaidie. Watu wanapatana kwa mdomo, wamesimama barabarani, redio inapiga kelele. Karatasi moja ya daftari inatosha: tarehe, kazi gani, piesi gani na nani ameinunua, bei ya piesi peke yake, bei ya kazi peke yake, na siku ngapi fundi anajibu juu ya kazi hiyo. Wote wawili watie sahihi. Kisha mteja aombe mapiesi ya zamani, aende nayo nyumbani. Fundi anayekataa kurudisha piesi ya zamani, ni vizuri kumwuliza kwa nini.

Wengine wanakimbilia polisi. Naona ni hasara kwa wote. Kazi mbaya si wizi. Ni shauri kati ya watu wawili, na mahali pake, kama wamekosa kusikilizana, ni tribinali ya amani. Kumfungia fundi hakutengenezi pistoni. Mara mingi dereva anatoa pesa juu ya kuitisha mtu, fundi anatoa pesa juu ya kutoka, na jioni pikipiki ingali imelala. Chama cha madereva ao chefu wa avenyu anaweza kuwakalisha chini kwa saa moja, bila mtu kulipa.

Mafundi nao wana kilio chao, na tukisikilize. Wateja wanachukua pikipiki usiku, wanasema « nitakuletea kesho », wanabadilisha njia ya kupita. Wengine wanakataza kabisa silinda isichongwe kwa sababu pesa imepunguka, kisha wanarudi na kelele. Fundi aliyeonya na akakataliwa, aandike hivyo kwenye ile karatasi, itamlinda yeye vilevile.

Juu ya freni sina mashauri ya kupatana. Injini ikikaza, dereva anasukuma. Freni ikiachilia kwenye muteremko wenye vumbi, kuna mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, na hao hawakuwa garaji wakati wa kubishana bei. Kazi yoyote ya freni ijaribiwe siku hiyo hiyo kabla ya malipo, bila abiria: kwanza mahali pa tambarare, kisha kwenye muteremko mfupi, na fundi mwenyewe awe amekaa nyuma ya dereva.