Tusiseme "Imekufa"

Kikao cha klabu cha mwezi uliopita kilipendekeza tutoe euro 350 kwenye mfuko wetu tununue kadi mpya ya grafiki kwa ajili ya kompyuta ya klabu. Sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao ni maneno mawili tu: "Kadi imekufa." Sisi watatu tunaoitunza mashine hiyo tuliomba wiki mbili kabla fedha hazijatoka. Tukapewa, kwa shingo upande. Wiki hizo zimekwisha, kadi ni ile ile, fedha ziko mfukoni, na tuna jambo la kusema ambalo linawahusu wanachama wote, hata wale ambao hawajawahi kucheza gemu maishani mwao.

Kwa wageni: hiyo ni kompyuta ya mezani tuliyoinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama Brussels. Ijumaa jioni tunaichezea mechi za mpira kwa sharti moja, kwamba mwenye kushika kidhibiti aongee Kiswahili tu. Wenzetu Wabelgiji wa mwaka wa kwanza hujifunza hapo kupiga kelele za "Pasi!" na "Refa kipofu!" kabla ya kufika kwenye ngeli ya pili. Siku nyingine mashine hiyo hiyo ndiyo tunayohaririia mahojiano yetu na wazee wa Matonge. Kwa hiyo ilipoanza kusumbua, tulipoteza mechi, lakini pia tulipoteza mara mbili kazi ya kukata na kupanga masimulizi ya mzee mmoja ambaye sauti yake hatutairekodi tena kwa urahisi, maana amerudi nyumbani. Na zile euro 350 zilikuwa zimetengewa kamusi na nauli za wageni wetu wa muhula ujao. Hatukuwa tunabishania mchezo.

Tulichofanya kwanza hakikuhitaji bisibisi. Tuliwauliza wanne waliokuwepo Ijumaa mashine iliposumbua: ilifanya nini hasa? Wa kwanza alisema imekufa. Wa pili, imeganda. Wa tatu, kijana wa Nairobi, akasema "ilihang". Wa nne, mwenzetu kutoka Lubumbashi, aliandika "inazima". Sisi wa pwani tukaelewa kwamba inazima-zima kila mara, kumbe kwao neno hilo latosha kusema kwamba imeshazima; lingekuwa jambo linaloendelea angesema "iko inazima". Siku nzima tulitafuta hitilafu ya kuzima-zima ambayo haikuwepo. Walimu wetu wa lahaja watacheka, na wana haki.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba lugha yetu ina vitenzi vingi kuliko tulivyokuwa tunavitumia, na kila kimoja kinaelekeza mahali pake. *Imeganda*: picha imesimama, labda sauti inarudia silabi moja. *Imejizima*: umeme umeondoka kote, taa na feni pamoja. *Imejizima ikajiwasha*: hilo ni tukio jingine tena. *Picha imekatika*: skrini ni nyeusi lakini feni zinanguruma na sauti za wachezaji bado zinasikika, maana yake mashine ni hai na kilichoondoka ni kadi peke yake. *Gemu imejifunga*: programu imetoka, mengine yote yako sawa. *Imegoma kuwaka* ni habari nyingine kabisa. Fundi akiambiwa mojawapo ya hayo ana pa kuanzia. Akiambiwa "imekufa" anabaki na jambo moja la kufanya, nalo ni kuuza kadi mpya.

Tulipowarudia wale wanne na orodha hii, ilibainika kwamba tulikuwa na magonjwa mawili yaliyopewa jina moja. Kwenye kuhariri video, picha iliganda kidogo, skrini ikawa nyeusi, ikarudi, na programu ikajifunga. Kwenye mechi za Ijumaa, picha ilikatika, feni zikapiga kelele kama ndege inayoruka Zaventem, kisha mashine ikajiwasha upya. Windows yenyewe huandika matukio haya kwenye kumbukumbu zake, na tulikuta yameandikwa tofauti. La kwanza lilikuwa namba 4101: draiva ya kadi iliacha kujibu, ikaanzishwa upya. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu kabla ya kufanya hivyo. La pili lilikuwa namba 41: mashine imewaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Ushahidi ulikuwa humo muda wote ambao kikao kilikuwa kinapiga kura.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa rahisi. Mwenye mashine wa zamani aliwahi kutumia kadi ya kampuni nyingine, na mabaki ya draiva yake yalikuwa bado yamo. Tuliondoa zote, ya zamani na ya sasa, tukaweka moja iliyo safi, na kuhariri video kukatulia.

Wa pili ulitutoa jasho, na tukiri kosa letu: siku ya kwanza tulisafisha vumbi, tukabadilisha mipangilio ya ramu na kuhamisha waya wa skrini kwa mkupuo mmoja. Mechi ikaenda dakika 40 bila tatizo, tukashangilia, kisha picha ikakatika tena. Hatukujua ni kipi kati ya vile vitatu kilichosaidia, kama kipo. Ikabidi turudishe kila kitu kilivyokuwa na kuanza upya, badiliko moja kwa jaribio moja. Vumbi lilikuwa jingi kweli, na kulisafisha kulishusha joto la kadi kutoka nyuzi 84 hadi 71. Wengi wangeishia hapo, kwa sababu namba nzuri inashawishi. Lakini picha iliendelea kukatika. Ramu tuliipima usiku kucha, haikuonyesha kosa hata moja.

Kisha tuliiwekea kadi mpaka wa asilimia 70 ya umeme wake wa kawaida. Tulicheza saa tatu, haikukatika. Tulipourudisha umeme wote, ilikatika ndani ya dakika 20. Sasa tulijua njia ya kufuata. Kadi yetu ina matundu mawili ya pini 8, na kila tundu limekusudiwa kupitisha hadi wati 150, mbali na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi. Yote mawili yalikuwa yanalishwa na waya mmoja wenye vichwa viwili. Wakati wa kazi nyepesi waya ule unamudu. Mchezo unapopamba moto kadi huvuta umeme kwa kishindo, na hapo ndipo ilipokuwa inakosa pumzi. Dawa ilikuwa waya wa pili kutoka kwenye pawasaplai ile ile. Tunasisitiza "ile ile", kwa sababu waya wa pawasaplai nyingine unaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ukaunguza kila kitu. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufanani. Tulimwandikia aliyetuuzia mashine. Waya ulikuwa kwenye droo yake, hajawahi kuutumia. Gharama yote ilikuwa tiketi ya treni. Ijumaa mbili zimepita na picha haijakatika.

Tunajua mtakachosema. Mmoja wenu ameshatuambia kwamba tumetumia wiki mbili kuokoa euro 350, na kwamba mwanafunzi anayefanya kazi ya mkahawani angezipata fedha hizo upesi zaidi. Ni hoja ya haki, hasa wakati wa mitihani. Tena kadi hufa kweli. Ukiona vidoto na michirizi ya rangi kwenye skrini hata kabla Windows haijaanza kupakia, na umeshabadilisha waya na skrini, basi andaa fedha. Hatusemi kila kadi inaokoleka. Tunachosema ni kwamba kadi yetu ingehamishiwa kwenye sanduku la taka ikiwa nzima, na kadi mpya, yenye njaa ya umeme ileile au zaidi, ingechomekwa kwenye waya uleule mmoja. Ijumaa iliyofuata tungekuwa na kikao kingine.

Wala si sisi tu tunaomfunga asiye na hatia. Kadi za RTX 3080 zilipotoka Septemba 2020 na gemu zikawa zinajifunga, watu walilaumu kapasita zilizo nyuma ya chipu. Draiva iliyotolewa mwishoni mwa mwezi huo ikazituliza nyingi kati yake. Baadaye wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakiona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki haitoshi, wengine wakabadilisha kadi. Mwaka 2024 Intel ikakiri kwamba shida ilikuwa kwenye prosesa zake, zilizokuwa zinapelekewa volti nyingi mno, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Ujumbe kwenye skrini ulitaja kadi. Kadi haikuwa na kosa.

Kuna jambo la pili, na hapa baadhi yetu hatuwezi kuzungumza kwa utulivu. Klabu hii ina wanachama wenye ndugu Masisi na Goma. Bati la lehemu, dhahabu ya viunganishi, tantalamu ya kapasita: ni madini yaleyale yanayochimbwa Kivu, na Rubaya, mji wa koltani, uliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Hapa hapa Brussels, kilomita chache kutoka chumba chetu, Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya kuwataka waagizaji wa bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wachunguze yanakotoka. Inatumika tangu 1 Januari 2021. Lakini inawabana wanaoingiza madini na metali. Kadi iliyokamilika, ikiwa kwenye boksi lake linalong'aa, inapita. Na sheria ya haki ya kutengenezewa vitu, iliyopitishwa Juni 2024 ili ianze kutumika 31 Julai 2026, inataja mashine za kufulia, simu, hata seva. Kompyuta ya mezani ya mwanafunzi haimo. Kwa hiyo kwa kadi kama yetu, anayeamua kama itaendelea kuishi ni yule anayeandika kumbukumbu za kikao.

Hata pale sheria inapotulinda, maneno bado yanahesabika. Kitu kipya kikinunuliwa dukani Ubelgiji kina dhamana ya miaka 2, na tangu 1 Juni 2022 kasoro ikijitokeza ndani ya muda huo huhesabiwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Ila ni lazima uende dukani ukiwa na maelezo. Tumemwona mwenzetu akirudishwa na kadi yake mkononi kwa sababu alisema tu kwamba "haifanyi kazi", na walipoichomeka pale kaunta ikafanya kazi.

Tunaiomba klabu mambo mawili. Fedha yoyote ya kubadilisha kifaa isipitishwe hadi kuwe na maandishi ya Kiswahili yanayoeleza kilichotokea, lini, mtu alikuwa anafanya nini, na kipi kimeshajaribiwa. Na walimu wetu watusaidie kupatanisha maneno. Draiva tuiite kiendeshi, au tutamchanganya Mkenya anayelitumia neno hilo kwa kitu kingine? Kama tunaweza kubishana muhula mzima juu ya *tarakilishi* na *ngamizi*, tunaweza kutenga jioni moja kwa *kuzimika* na *kukatika*.

Daftari tumeshalinunua, euro 2, na limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kompyuta. Ukurasa wa kwanza una maelezo ya waya. Wa pili umeandikwa juzi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa mwandiko wa kujikaza: "Jumatano, saa kumi na moja jioni. Picha haikukatika. Sauti ndiyo ilikatika. Niliivuta spika kwa mguu."