Msizizike santuri za mjomba, kagueni waya kwanza!

Najua niliahidi kuandika stori za kwenda kufundisha kwa vitendo. Zitasubiri, kwa sababu nimerudi chuoni na hasira niliyotoka nayo Ujiji.

Likizo hii nimekuta washkaji wa mtaani wamepewa kazi na mjomba: kuingiza kwenye kompyuta sanduku lake la santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zimetengenezwa Nairobi miaka ya sabini. Wakimaliza, sanduku linauzwa kwa atakayelitaka, na asipopatikana mtu linakwenda jalalani. Nikaombwa nisikilize walichokwisha kurekodi. Jamani! Kila "s" na "sh" inachanika kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Na Kiswahili chetu kina "s" ngapi?

Nikauliza, nikajibiwa: "Kaka, santuri za zamani ndivyo zilivyo. Utapunguza kwenye kompyuta."

Nakataa. Kwanza, angalieni walivyofunga. Mashine iko chumbani, mikisa iko sebuleni, katikati umepita waya wa mita 5. Waya kama huo, ule wenye kinga ya nje, mara nyingi unabeba pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Katriji yao ni ya sumaku inayocheza, Audio-Technica AT-VM95E. Mtengenezaji anataka omu 47,000 na jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Hiyo jumla ni ya kila kitu: waya za ndani ya mkono, waya wa nje, na kapasita zilizomo kwenye priampu. Wao waya wa nje peke yake una 500!

Sasa kuna ubaya gani? Ndani ya katriji kuna koili ya milihenri 550. Koili na kapasitansi zikikutana zinaitikiana kwenye sauti moja, kama bembea ukiisukuma kwa wakati wake. Chukua waya wa mita 1, ongeza pikofaradi 100 za vitu vingine, jumla 200: mwitikio unaangukia kilohezi 15, na nundu yake haifiki desibeli 1. Weka mita 5, jumla 600: nundu inashuka hadi karibu kilohezi 9, inapanda desibeli 4 hivi. Hapo ndipo "s" inapokaa! Na juu ya hapo sauti inaporomoka. Kwa hiyo unapata ukali na uziwi kwa mpigo. (Waliosoma fizikia wapige hesabu wenyewe. Wa Kiswahili na Historia niaminini tu.)

Hiyo ya "utapunguza kwenye kompyuta" ndiyo inayoniudhi zaidi. Kupunguza nundu inawezekana, ila lazima ujue ilikuwa wapi na kubwa kiasi gani. Nani kaandika waya ulikuwa mrefu kiasi gani? Hakuna. Na zile sauti za juu zilizoporomoka ukizivuta, unavuta na mikwaruzo yote ya vumbi la Ujiji. Baada ya miaka 10 mtoto wa mtu atasikiliza faili lile aseme bendi za wazee zilirekodiwa vibaya. Wakati kosa ni la waya wa sebuleni!

Nikiri jambo moja. Jioni ile tulihamisha mashine ikae kando ya mikisa, tukaweka waya wa mita 1, na vile vijiswichi vya nyuma ya priampu tukavishusha hadi namba ya chini. Tukarudia santuri tatu. Moja ilibaki mbovu vilevile, imelika, sindano nzito za enzi hizo zimeshaitafuna, na hapo kapasita haisaidii kitu. Lakini mbili zilifunguka mpaka mshkaji aliyekuwa ananibishia akanyamaza. Mpiga manyanga alikuwepo muda wote, tulikuwa hatumsikii!

Nilidhani yameisha. Jana ananiandikia mshkaji mwenyewe: mashine imerudi chumbani kwa sababu sebuleni watoto wanaigusa, waya ni ule ule wa mita 5, wamefikisha santuri 60 na mjomba anataka nafasi yake kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwandikia mjomba nikimsihi asitoe hata moja mpaka nirudi. Hajajibu. Kama kuna mdau anapanda treni ya Kigoma wiki hii, anipigie, nina waya wa kumpa.