Tabia Njema Ipimwe kwa Mizani Gani?



Mkata miwa mmoja alikuja tawini kwetu na swali. Hakuzaliwa Uganda. Miaka zaidi ya ishirini ameimaliza shambani, watoto wake wote wamezaliwa kambini, na sasa anataka kuomba uraia. Akaniuliza: "Ndugu katibu, mimi niligoma pamoja na wenzangu. Je, tabia yangu bado ni njema?"

Sikucheka. Sheria yetu ya uraia inamtaka mwombaji awe ameishi nchini jumla ya miaka 20, na miezi 24 iliyotangulia ombi lake asiwe ametoka. Ajue Kiingereza au lugha ya wenyeji iliyokubaliwa. Tena akusudie kukaa hapa daima. Hayo yote yanahesabika. Halafu linakuja sharti la tabia njema, nalo halina kipimo.

Basi mgeni atafute wapi mtu wa kumshuhudia? Atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na hapana budi atakwenda pia kwa meneja. Meneja anajua nini juu ya tabia ya mtu? Hajui kwamba alimzika jirani yake kwa fedha zake mwenyewe. Anajua siku alizochelewa, barua za onyo, na ule mgomo. Lakini Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma kwa kufuata sheria. Itakuwaje haki iliyomo katika Katiba iwe doa katika faili ya uraia?

Sisemi kila mtu apokelewe bila kuulizwa. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na maneno hayo hayo ya tabia njema katika katiba yao ya zamani. Sheria yao ya mwaka 2011 imeweka kipimo: mwombaji asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Mahakama ndiyo husema, si nyapara. (Sheria hiyo nayo ina kasoro zake, inamtaka mwombaji aonyeshe mchango wake kwa taifa, kana kwamba kukata mkonge si mchango.) Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa miaka mingi bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi. Ndipo wakaandikishwa kuwa raia. Tabia yao ilikuwa ile ile ya siku zote.

Nasi tudai kipimo kama hicho, na barua ya chama ipokelewe sawa na ya mwajiri.

Yule ndugu nimemwambia aandike ombi lake, na akiulizwa habari za mgomo asifiche. Tawi litamshuhudia. Sasa tunakusanya stakabadhi zake za mshahara tangu mwaka wa kwanza. Nyingine zimeliwa na mchwa.