KODI YETU NA YA JIRANI

Imekuwa desturi kuipima hali ya mwananchi kwa asilimia za kodi. Mwaka 2024 Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikuwa asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya, na 15 kwa ndugu zetu wa Zanzibar. Je, Kenya kulikuwa na nafuu? Mshahara wa huko ulikatwa pia asilimia 1.5 ya nyumba na, tangu Oktoba, 2.75 ya afya. Serikali ilipotaka zaidi mwezi Juni, vijana waliingia barabarani, damu ikamwagika, na Rais Ruto akakataa kuutia saini Muswada wa Fedha.

Mkulima wa pamba wa Somanda, Bariadi, hana mshahara wa kukatwa. Kwetu, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato, na ni haki. Pamba yake hutozwa ushuru tangu kilo ya kwanza: asilimia 3, iliyopunguzwa mwaka 2017 kutoka 5. Kisheria mlipaji ni mnunuzi; lakini mnunuzi gani asiyeufidia katika bei? Gharama za dawa na vibarua hazijaondolewa bado. Tunawataka wakuu wa Hazina na halmashauri watueleze kwa nini msamaha wa mwenye mshahara mdogo haumfikii mwenye ekari mbili.